Herufi Moja kwenye Mlango wa Bedford

Wapo wanaume ambao wakistaafu hupata shinikizo la damu. Swaibu Abudu alistaafu akapata Bedford. Maradhi ya kwanza yana vidonge. Ya pili, hospitali zote za Kampala zilikuwa hazijayagundulia dawa, na mkewe Kaltumi alikuwa amekwisha kuacha kuulizia.

Lori lenyewe lilikaa katika ua wao wa Kamwokya. Wahenga waliagiza kwamba mgeni siku ya tatu apewe jembe. Huyu, mwaka wa nne, alipewa kabureta mpya. Lilikuwa lori la kijeshi la zama za mkoloni, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye uso bapa na taa mbili zilizokodoa kama macho ya karani anayedai kitambulisho. Kamba ya Kaltumi ya kuanikia nguo ilihamishiwa ukutani kwa jirani. Jiko lake la kuchomea gurusa, ile mikate laini ya Kinubi aliyoiuza kila asubuhi, lilisukumwa hadi langoni, ambako wateja walilazimika kununua kifungua kinywa huku bampa ya chuma ikiwagusa kiunoni.

"Mama Rahima, vumilia," Swaibu humwambia. "Hiki ni kipande cha historia."

"Historia ya nani? Mimi hapa ndiyo historia. Nilikuwa na ua, sasa sina."

Swaibu alikuwa mtu makini, na umakini wake ulikuwa na sifa mtaa mzima. Aliendesha mabasi ya Kampala na Nairobi kwa miaka thelathini na mmoja pasipo kuua kiumbe, isipokuwa kuku mmoja wa Tororo, ambaye yeye mwenyewe alisisitiza atiwe katika taarifa ya kustaafu kwake. Mtu wa namna hiyo hanunui chuma chakavu kwa sababu ya wazimu. Hukinunua kwa sababu ya ushahidi, na huo ndio wazimu mbaya zaidi, maana hauna aibu.

Jambo lilikuwa la baba yake. Abudu Ramathan alikuwa sajini dereva katika jeshi la mkoloni, mjukuu wa wale askari wa Kisudani walioletwa na maafisa wa Kiingereza na kuachwa huku pamoja na vifaa vingine ambavyo usafirishaji wake kurudi ungekuwa ghali. Alifariki Swaibu akiwa na umri wa miaka saba. Na katika ukoo ule, ambao kila arusi na kila hitima hugeuka kuwa gwaride, wazee walikuwa na desturi ya kuwataja mashujaa mmoja mmoja kabla pilau haijaletwa. Huyu alipigana Burma. Yule alivishwa nishani na gavana mwenyewe. Wa tatu alibeba bunduki mbili, hata kama hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Wakifika kwa Abudu, msemaji alitazama upande wa jikoni na kusema, "Na Abudu naye alikuwa dereva tu," kisha watu wakanawa mikono.

Hiyo "tu" ndiyo Swaibu aliyoitafuna kwa miaka hamsini. Hakutaka nishani, wala hakutaka bunduki mbili. Alitaka baba yake aandikwe mahali, jina kamili, pamoja na jambo alilolifanya, na nukta mwishoni.

Nafasi ya kuandikwa ilikuwapo. Kampala ilikuwa na chama cha wapenzi wa magari makongwe, na kila sikukuu ya Uhuru chama hicho kiliyapanga magari yake katika uwanja mmoja wa Kyambogo. Kila gari lilisimamishiwa ubao: jina la gari, kazi lililoifanya, jina la aliyeliendesha. Mstari wa mbele, karibu na jukwaa la wageni waheshimiwa, ulitengewa magari yenye "historia ya taifa." Nyuma yalikaa yale yenye historia ya wenyewe. Mwenyekiti, Mzee Zubairi, alikuwa na Landrova ya kijivu iliyong'arishwa kwa kitambaa cha hariri, ambayo haijawahi kushiriki vita yoyote isipokuwa ya kugombea maegesho. Ilikaa mbele kila mwaka.

Swaibu alilipata Bedford katika kiwanda cha mbao nje ya mji, ambako lilivuta magogo hadi injini ilipokataa. Alilitambua kwa picha moja aliyorithi: baba yake amesimama kando ya lori, kofia imemfunika uso wote kana kwamba mpiga picha alikusudia kuhifadhi kofia, na juu ya bampa tarakimu tatu za mwisho zinasomeka. Swaibu alisugua bampa ya lile lori kwa msasa siku mbili nzima. Chini ya tabaka saba za rangi zikatokea tarakimu zile zile tatu. Aliketi chini juu ya vumbi la mbao. Kisha akalinunua kwa kiasi ambacho hakijawahi kutajwa mbele ya mkewe.

Ikabaki kazi ya lori. Baba aliendesha, sawa. Lakini aliendesha nini? Hapo Swaibu alimwendea Mama Zahara, mjane wa amu yake, Mganda wa hapo hapo Kamwokya, mwanamke wa mwisho mwenye kumkumbuka Abudu akiwa hai. Alimrekodi kwa simu akiwa ameegemea mto, miezi michache kabla hajafariki. Bibi alisema mambo mengi kuhusu magoti yake, na jambo moja kuhusu Abudu: "Abudu alikuwa anaendesha gali ya kula, mwaka ile ya uhulu."

Swaibu aliyanakili maneno hayo katika daftari la jalada gumu lenye safu mbili. Safu ya kwanza aliiita Yaliyosemwa, ya pili Yaliyokusudiwa. Hakuna aliyemfundisha njia hiyo, na haijulikani kama yupo ambaye angekubali kuifundisha. Hoja yake ilikwenda hivi: kila mwenyeji wa Kampala anajua kwamba ulimi uliokulia Luganda huifanya "r" kuwa "l". Mama Zahara alisema "gali" akikusudia gari. Alisema "uhulu" akikusudia uhuru. Basi mtu huyo huyo, katika sentensi hiyo hiyo, akisema "kula," amekusudia nini? Swaibu aliishika kalamu kama kadhi anayetoa hukumu na kuandika katika safu ya pili: *Abudu alikuwa akiendesha gari la kura, mwaka ule wa Uhuru.*

Na mwaka ule si ulikuwa na uchaguzi? Ulikuwa nao. Na kura si zilihitaji kubebwa? Zilihitaji. Lori lililokuwa chuma chakavu wiki iliyotangulia sasa lilikuwa limebeba taifa zima mgongoni.

Miaka minne ya ukarabati ilifuata. Fundi alikuwa Oloo, Mjaluo wa Kisumu aliyekwisha kukaa Kampala miaka ishirini, mpole kwa injini na mkali kwa binadamu. Walifungua boksi la gia na kukuta ndani yake kiota cha panya kilichojengwa kwa ustadi kuliko nyumba nyingi za mtaa. Walitafuta spea Kisenyi kwa wauza vyuma chakavu, ambako Swaibu alionyesha michoro aliyoichora kwa rula, nao wakamjibu kwa kumwonyesha rundo na kumtakia kila la heri. Mbao za bodi zilipasuliwa upya kwa mvule. Rangi ilichanganywa mara kumi na moja, kwa kuwa Swaibu alishikilia kwamba kijani cha jeshi la mkoloni kilikuwa na uchovu fulani ambao kijani cha dukani hakina.

Siku moja Oloo alikuwa ndani ya bodi, akikwangua sakafu ya chuma.

"Mzee Swaibu, hapa kuna masizi. Mengi."

"Bomba la moshi lilitoboka."

"Bomba liko chini. Haya yako juu. Haya masizi ni ya kuni, mzee wangu. Na haya matundu sita hapa, hapa palifungwa kitu kizito chenye miguu."

"Masanduku ya kura," Swaibu alisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuandika. "Yalifungwa kwa minyororo yasiibiwe."

Oloo aliyatazama matundu, akamtazama mwenye lori, akakumbuka kwamba yeye ni mgeni katika nchi ya watu. Akakwangua. Baada ya wiki tatu sakafu iling'aa, na ushahidi wote uliokuwa umekaa pale miaka sitini ukamwagwa katika mtaro wa Kamwokya kwa ndoo.

Mwisho wa Septemba lori liliwaka, likakohoa, likaujaza moshi mtaa wote, likatulia. Watu walipiga makofi. Mlangoni, kwa herufi nyeupe za urefu wa shibiri, palikuwa pameandikwa LORI LA KURA 1962. Maandishi ya ubao yalikwisha kupelekwa kwa mwenyekiti: "Lori lililobeba kura za Uhuru. Dereva: Sajini Abudu Ramathan." Zubairi alipiga simu mwenyewe. Mstari wa mbele, alisema. Karibu kabisa na Landrova.

"Umesikia, Mama Rahima? Mbele!"

"Nimesikia. Sasa kamba yangu itarudi?"

Kilichobaki kilikuwa ukaguzi, jambo la kawaida tu la kutia sahihi. Wiki moja kabla ya sikukuu Zubairi alifika Kamwokya akiwa na fomu, na pamoja naye mzee aliyemchukua Naguru nyumbani kwa binti yake: Ojera, askari mstaafu wa miaka themanini na minne, aliyeingia jeshini siku za mwisho za Mwingereza. Chama kilipenda kuwa na shahidi. Kwa kawaida shahidi alitazama gari, akasema, "Ndiyo, yalikuwa kama haya," akanywa soda.

Ojera hakuomba soda. Alilizunguka lori polepole, mkono ukipapasa ubavu wake. Alisoma bampa. Alisoma mlango, akausoma tena, midomo ikitembea. Kisha akaomba mlango wa nyuma uteremshwe.

Oloo aliuteremsha. Mzee akainua mkongojo wake, akauingiza katika tundu la kwanza la sakafu.

"Hapa mguu ya jiko," alisema. Akausogeza. "Hapa mguu. Hapa mguu. Hapa nilikuwa nafunga sufuria kubwa. Na hapa," akagonga ubao mpya wa mvule, "nilikuwa nakaa mimi, nachagua mawe katika maharage."

Kwenye jiko gurusa ilianza kuungua.

"Afande," Swaibu alisema, "hili lilikuwa gari la kura."

"Kabisa. Gari ya kula."

"Kura."

"Ndiyo. Kula. Askari atapigana na njaa?"

"Kura, Afande! Ku-ra! Za kupiga!"

"Aaa!" Mzee alicheka hadi akashikilia lori. "Hapana, kijana yangu. Ile ilikuwa gari ingine. Dereva yake Mzungu, koplo, mwekundu kama nyanya, alikuwa nalala katika usukani. Hii ilikuwa jiko. Abudu naendesha, mimi napika."

Langoni Kaltumi aligeuza gurusa. "Baba Rahima," alisema bila kuinua uso, "siku ile Mama Zahara alisema kula, alikuwa ameshika sahani. Mimi ndiye niliyempelekea."

Simu haikurekodi sahani. Katika safu zote mbili za daftari hapakuwa na nafasi ya sahani. Swaibu alimtazama mkewe. "Miaka minne! Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza? Ulisema mimi si shahidi, mimi ni mpishi."

Zubairi, mtu wa kazi, alikuwa amekwisha kumvuta Swaibu pembeni, nyuma ya gurudumu. "Ssebo, bwana wangu, sikiliza. Mzee wa watu ana miaka themanini na minne. Leo anakumbuka jiko, kesho atakumbuka meli. Ubao umekwisha kuchapwa. Wageni waheshimiwa watakuja, watapiga picha, watakwenda. Nani atauliza? Mimi natia sahihi."

"Na jina la baba?"

"Litakuwepo! Juu kabisa!"

Ni vyema isemwe, kwa kuwa Swaibu mwenyewe hakuwahi kulikana, kwamba alifikiri. Alifikiri kwa muda wa kutosha gurusa mbili kuiva. Mstari wa mbele ulikuwa mahali pazuri. Lakini masikio ya mpishi wa jeshi, yaliyozoea kusikia manung'uniko ya watu mia tatu, hayazeeki upesi.

"Wewe mwenyekiti!" Ojera aliita. "Ukiandika gari ya kura, andika dereva yake. Andika yule Mzungu mlevi. Abudu hakugusa ile gari hata siku moja. Utamvalisha marehemu nguo ya mlevi?"

Zubairi akaikunja fomu. Swaibu akarudi nyuma ya lori, akaketi juu ya ndoo ya rangi mbele ya mzee.

"Basi, Afande. Baba alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mbishi." Ojera alifikiri. "Karamoja, mvua ile kubwa. Askari wako ng'ambo ya mto, siku mbili hawajala. Magari ya risasi yalifika pale, yaliona maji, yalirudi. Afisa akasema hata sisi turudi. Abudu akasema ndiyo Afande, akavua buti. Aliingia katika maji na mti mkononi, hapa," mzee akajigusa kifua, "akapima mto mzima, kwenda na kurudi. Akavaa buti. Akawasha gari. Mimi nilikuwa nyuma na jiko, nalia, naita mama yangu. Saa saba mchana watu walikula."

"Walimpa nishani?"

"Nani? Walisema maharage haina chumvi."

Swaibu alikuwa amelifungua daftari. Aliandika kila neno la mzee kama lilivyotoka, na viambishi vyake vyote vilivyopinda, katika safu ya kwanza. Alimwomba arudie kina cha mto. Mzee akajigusa kifua palepale. Swaibu akaandika: *alijigusa kifuani, chini kidogo ya titi.* Safu ya pili aliiacha wazi.

"Mzee Zubairi," alisema akiwa bado ameinamia daftari, "badilisha ubao. Lori la jikoni. Liweke jina la baba, na mto."

"Lori la jikoni haliwezi kukaa mbele, unajua."

"Najua."

"Utakaa nyuma kabisa! Kwenye mahema ya chakula!"

"Hata lenyewe limezoea."

Oloo alilibadilisha neno la mlangoni kabla ya chai kupoa. Alisema ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote alizofanya kwa miaka minne: kukata kichwa cha R na kuunyoosha mguu wake. Akaongeza kwamba masizi, kama yangehitajika tena, hakuwa na uwezo wa kuyarudisha. Kaltumi alisema asihangaike, yeye angeweza kuyatengeneza kwa asubuhi moja.

Siku ya Uhuru Kyambogo iliwaka jua. Mbele, magari yenye historia ya taifa yalipangwa kwa kamba nyekundu, na wageni waheshimiwa walipita wakiyatazama kwa mwendo wa watu wanaotazama saa. Waliganda mbele ya Landrova ya kijivu dakika mbili, wakapiga picha, wakaelekea kwenye viti vyenye kivuli. Baada ya hapo kamba ilibaki inalinda magari dhidi ya uwanja mtupu.

Nyuma, kati ya hema la pilau na hema la soda, Bedford lilisimama limeteremsha mlango wake wa nyuma. Ubao ulikuwa na mistari minne. Ojera alikuwa amekalishwa kitini kando ya gurudumu, anakula sahani aliyotangulizwa kwa heshima ya uzee wake, na kulalamika kuhusu mchele. Swaibu alivaa suti ya kijani kibichi ambayo Kaltumi alisema ilimfanya aonekane kama spea.

Saa sita na nusu mwanamke mmoja aliyevaa kofia ya jua, katika foleni ya chakula iliyopita kando ya lori, alimgeukia, sahani tupu mkononi.

"Mzee, chakula mnaanza kutoa saa ngapi?"

"Mimi si mpishi, mwanangu."

"Si mmeandika hapo, lori la kula?"

Swaibu alijikohoza. Alikuwa ameandaa maelezo ya kurasa kumi na moja kwa ajili ya wageni waheshimiwa, na hakuna mheshimiwa hata mmoja aliyekuwa amefika upande huo. Mbele ya mwanamke yule palikuwa na watu wapatao arobaini waliopanga foleni; nyuma yake walikuwa wamekwisha kujipanga wengine thelathini, kila mmoja na sahani yake, wote wameelekea kwenye ubao, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Chakula ni saa saba," alisema Swaibu, kwa sauti iliyowafikia wote. "Dereva wa lori hili alikuwa Sajini Abudu Ramathan. Mwaka huo mto ulifurika Karamoja."

Mwanamke akatazama urefu wa foleni, akamtazama mzee, akapima. Kuondoka kulimaanisha kupoteza nafasi yake.

"Enhe," alisema, akahamishia sahani mkono wa pili. "Ukafurika, halafu?"